Kupima ukinzani wa hewa kwa kipande cha chupa: mwongozo kwa wapanda kinga wa Lubumbashi

Kila asubuhi ya kiangazi, kabla jua halijachomoza, wabeba makala wanaingia Lubumbashi na kinga zao. (Kwa msomaji wa mbali: huku kwetu kinga ni baiskeli.) Magunia yamepangwa na kukazwa kwa mipira mpaka chuma chenyewe hakionekani, na mwenye mzigo anasukuma huku ameinama, jasho linamtoka kwenye baridi. Mzigo ule ni mpana kama mlango, lakini hewa haimsumbui. Anakwenda mwendo wa miguu. Kinachommaliza ni uzito, mchanga na vilima. Dakika chache baadaye unampita wewe na kinga yako ya mashindano ya kilo 8, uko kwenye kilomita 36 kwa saa, na kwako mambo yamegeuka kabisa. Kwenye tambarare, zaidi ya robo tatu ya nguvu ya miguu yako inaishia kusukuma hewa. Ukiongeza mwendo mara mbili, hewa inakuzuia mara nne, na nguvu unayopaswa kutoa dhidi ya hewa hiyo inapanda mara nane.

Mtu akishajua hivyo, anakimbilia kununua: kofia ya bei, magurudumu ya bei, nguo ya kubana. Mimi nasema pima kwanza. Handaki la upepo hatuna, na mita ya nguvu, kifaa kinachosoma wati za miguu yako, inauzwa bei ya kinga nzima. Lakini simu unayo. Ongeza chupa tupu ya maji, chaki, utepe wa kupimia na mizani, na asubuhi moja isiyo na upepo inakutosha.

Namba unayoitafuta inaitwa CdA. Ni eneo la mbele la mwili wako pamoja na kinga, likizidishwa kwa namba inayoeleza jinsi umbo hilo linavyopasua hewa. Inahesabiwa kwa mita za mraba. Mtu aliyekaa wima kwenye kinga ya kawaida anaweza kuwa na 0.5 au zaidi. Mwanamashindano aliyeshika juu ya breki mara nyingi yuko kati ya 0.32 na 0.40. Wale wa mbio za saa, yaani kila mtu peke yake dhidi ya saa, walioinama kabisa na mikono mbele, wanashuka hadi 0.20 au 0.25.

Kifaa

Umewahi kuona watoto wakifunga kipande cha plastiki kwenye uma wa kinga ili kigonge spoki, ilie kama pikipiki? Ndicho tunachotengeneza, ila cha kwetu kinalia mara moja tu kwa kila mzunguko wa gurudumu.

Kata kwenye chupa kipande chenye upana wa kidole kimoja na urefu wa vidole viwili. Kifunge kwenye mguu wa uma wa mbele kwa kamba ya plastiki ya kubana, ncha yake ikae milimita mbili au tatu kutoka kwenye spoki bila kuzigusa. Kisha chagua spoki moja, iviringishe utepe wa gundi tabaka nne au tano mahali inapopita karibu na ncha, mpaka ivimbe kidogo. Inua kinga, zungusha gurudumu kwa mkono. Unataka kusikia tak… tak… tak, safi. Ukisikia trrrr, plastiki imekaribia mno, ivute nje. Ncha iwe laini na fupi. Hili ni gurudumu la mbele, na plastiki ngumu iliyonasa kwenye spoki itakutupa juu ya usukani.

Chukua visikizi vya waya vyenye maikrofoni, vile vya bei ya chini kabisa. Bandika maikrofoni nyuma ya mguu wa uma, mahali palipojificha na upepo, pitisha waya kwenye fremu ukiubana kwa utepe kila sentimita kumi, na simu iingie mfuko wa mgongoni. Washa programu ya kurekodi sauti. Hapo una kipimamwendo chenye usahihi kuliko GPS ya simu, ambayo inachelewa na kukisia pale unapohitaji sehemu ya sekunde.

Nyumbani utafungua sauti hiyo kwenye Audacity, programu ya bure. Kila tak inaonekana kama mwiba kwenye mstari, na saa yake unaisoma moja kwa moja.

Pima pia mzingo wa gurudumu. Jaza upepo kama siku ya mashindano, chora alama ya chaki kwenye tairi na chini, kaa juu ya kinga mwenzako akikushikilia, muende taratibu mizunguko kumi. Pima umbali, gawanya kwa kumi. Tairi za 700 × 25 zinatoa karibu mita 2.10. Ukae juu kweli, maana tairi lililobebeshwa mtu linabonyea na mzingo unapungua.

Uzito: nenda depo ya unga iliyo karibu, uombe mizani ya magunia. Panda na kinga, viatu, kofia na chupa ya maji iliyojaa. Watu watacheka, waache.

Mahali na saa

Unahitaji barabara ya lami iliyo laini, karibu mita 500, yenye mita 70 nzuri katikati: zisizo na viraka wala tuta. Barabara ya Kasumbalesa iachie malori. Lori likikupita wakati wa jaribio, futa jaribio hilo hata kama lilionekana zuri. Hewa iliyovurugwa inaendelea kuzunguka barabarani muda mrefu baada ya lori lenyewe kupotea. Tafuta njia ya pembeni, na awepo mtu wa kuangalia magari. Mimi alama yangu ya kuanzia ni kichuguu kikubwa kama jiko la nje, na ya mwisho ni mstari wa chaki. Kichuguu hakifutiki.

Saa nzuri ni alfajiri ya Juni au Julai, mara tu unapoweza kuona njia. Baadaye asubuhi upepo wa kusini-mashariki unaamka, na hapo kazi imekwisha. Usijidanganye kwamba ukienda na kurudi upepo unajifuta. Tuseme unakwenda mita 10 kwa sekunde na kuna upepo wa mita 2. Ukienda dhidi yake, hewa unaikuta kwa 12, mraba wake 144. Ukirudi, unaikuta kwa 8, mraba wake 64. Wastani ni 104, si 100. Umeshakosea asilimia 4, na hiyo inatosha kuficha faida ya kofia yoyote. Upepo ukiwa mita 1 kwa sekunde, kosa linabaki asilimia 1, na hilo linavumilika.

Utaujuaje bila kifaa? Moshi wa majani yanayochomwa ukipanda wima, anza. Ukiinama kidogo bado unaweza. Ukisikia majani ya mti yanachakarisha, panda kinga urudi nyumbani ukanywe chai.

Kuserereka

Wazo ni hili: acha kukanyaga, uone mwendo unapungua upesi kiasi gani, na hapo utajua nguvu inayokuzuia. Wengi wanafanya mserereko mmoja mrefu: wanafika 36, wanaacha kukanyaga, wanasubiri mpaka kinga inakaribia kusimama. Hapo kuna mtego. Mwanzo wa mserereko uko kwenye ardhi moja na mwisho uko zaidi ya mita 200 mbele, kwenye ardhi nyingine. Mteremko wa mita 1 kwa kila mita 1,000 huuoni kwa macho, lakini kwa kilo 80 unakusukuma kwa karibu nyutoni 0.8, na kinga ikienda polepole nguvu zote zinazoizuia hazifiki hata nyutoni 8.

Kwa hiyo fanya miserereko miwili mifupi juu ya mita 70 zilezile, mmoja wa haraka na mmoja wa polepole: tairi na lami zinakuzuia karibu sawasawa kwenye yote miwili, kwa hiyo tofauti ya nguvu ni ya hewa. Wa kwanza, ingia kwenye alama ukiwa juu kidogo ya kilomita 36 kwa saa, acha kukanyaga, tulia mpaka ushuke chini ya 30. Wa pili, ingia kwenye alama hiyohiyo kwa zaidi kidogo ya 18, serereka mpaka chini ya 12. Kisha geuka ufanye yote mawili kutoka upande wa pili. Miserereko minne ndiyo kipimo kimoja.

Ukiserereka, pedeli ziwe sawa na ardhi, mguu uleule mbele kila mara, kichwa mahali palepale. Usiguse breki, na hakikisha mapema kwamba breki haigusi rimu. Kabla ya kuanza sema kwa sauti, maikrofoni ikusikie: "Mkao wa chini, kwenda, wa tatu." Utajishukuru jioni ukikuta tak elfu moja kwenye faili moja.

Hesabu

Chukua mfano: mtu na kinga yake ni kilo 80. Ongeza kilo 1 kwa ajili ya rimu na tairi, kwa sababu magurudumu yanayozunguka yana ubishi wake wa kupunguza mwendo. Hapo ni 81.

Kwenye sauti ya mserereko wa haraka, tafuta mizunguko mitano iliyotumia sekunde 1.05. Mita 2.10 mara 5 ni 10.5, gawanya kwa 1.05, mwendo ni mita 10 kwa sekunde. Songa mbele mpaka mizunguko mitano itumie sekunde 1.26: mwendo umeshuka hadi 8.33. Tuseme kati ya katikati ya kundi la kwanza na katikati ya la pili zimepita sekunde 6.5. Umepoteza mita 1.67 kwa sekunde ndani ya sekunde 6.5. Gawanya, zidisha kwa 81: nguvu iliyokuzuia ni karibu nyutoni 20.8.

Kwenye mserereko wa polepole, mizunguko mitano kwa sekunde 2.10 ni mwendo wa mita 5, na kwa sekunde 3.15 ni mita 3.33. Tuseme ilichukua sekunde 17. Nguvu ni nyutoni 7.9.

Sasa mraba wa mwendo. Zidisha mwendo wa mwanzo kwa wa mwisho: 10 × 8.33 ni 83.3, na 5 × 3.33 ni 16.7. Tofauti yake ni 66.6. Tofauti ya nguvu ni 12.8 na ushei. Gawanya ya pili kwa ya kwanza, unapata 0.193. Zidisha kwa 2, gawanya kwa uzito wa hewa (kilo kwa kila mita ya ujazo; jinsi ya kuupata iko hapa chini), ambao asubuhi hiyo tuseme ni 1.06. CdA ni 0.36.

Umepata na zawadi. Toa sehemu ya hewa kwenye nyutoni 20.8 (0.193 × 83.3, karibu 16.1), zinabaki nyutoni 4.7 za tairi na lami. Hizo ukizigawa kwa uzito wa kilo 80 katika nyutoni, yaani 785, unapata 0.006, namba ya kawaida kwa tairi za mashindano kwenye lami isiyo nzuri sana. Ukipata 0.002 au 0.015, kuna kitu umekosea. Usiendelee mpaka ukipate.

Jambo moja: kwenda na kurudi, changanya nguvu ndipo utafute wastani. Usichanganye sekunde. Mteremko unajifuta kwenye nguvu. Kwenye sekunde haujifuti.

Hewa ya huku si hewa ya kitabuni

Programu na vikokotoo vingi vinaanza na hewa ya usawa wa bahari, 1.225. Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu, na hewa yetu ni nyepesi. Ihesabu mwenyewe: kanieneo ya hewa, yaani shinikizo lake, kwa hektopaskali (hPa), igawe kwa 2.87, kisha gawa tena kwa joto ulilolijumlisha na 273. Kwa hPa 880 na nyuzi 15, jibu ni 1.06.

Angalia sana hiyo kanieneo. Programu za hali ya hewa na taarifa za uwanja wa ndege zinatoa namba iliyosahihishwa ifanane na ya baharini, 1018 hivi. Ukiiweka hiyo, CdA yako ya 0.36 inageuka 0.31 na utajiona bingwa wa dunia. Kama simu yako ina kipimo cha kanieneo ndani, soma hicho bila marekebisho. Unatakiwa kuona karibu 880. Ndugu wa Goma na Bukavu, walio karibu na mita 1,500, wataona karibu 850.

Wepesi huo ni faida ya kweli. Eddy Merckx, bingwa wa baiskeli wa Ubelgiji, alipotaka rekodi ya saa moja mwaka 1972 alikwenda Mexico, juu ya mita 2,200, akakimbia kilomita 49.431. Mwenye CdA ya 0.36 akienda 40 kwa saa, hewa inamdai karibu wati 290 Dar es Salaam kwenye joto la nyuzi 30. Lubumbashi asubuhi inamdai karibu 262. Mapafu nayo yanapata hewa kidogo, lakini hilo ni shauri lingine.

Kulinganisha viwili

Hapa ndipo nilipoumbuka. Mwaka wangu wa kwanza nilipima kofia ya zamani alfajiri, joto nyuzi 10. Tairi likatoboka, nikaziba, nikala, nikapima kofia mpya mchana, nyuzi 27. Kofia mpya ilishinda kwa asilimia 6! Nilikuwa nimeshaanza kuwatangazia watu. Kijana wa gereji aliyekuwa akiniangalizia magari, ambaye shule aliiacha mapema kuliko mimi, akauliza tu:

"Yaya, ile ni kofia ao ni jua?"

(Huku kwetu yaya ni ndugu mkubwa, na ao ni au.) Sikuwa na jibu. Nikavaa ya zamani palepale, juani, tukarudia. Ikatoa namba ileile ya kofia mpya. Ile asilimia 6 yote ilikuwa hewa iliyopata joto, nami nilikuwa nimetumia uzito mmoja wa hewa kwa asubuhi na mchana.

Tangu siku hiyo utaratibu ni huu: cha zamani, kipya, kipya, cha zamani. Joto na kanieneo naandika kwenye daftari kabla ya kila kipimo. Kisha kabla sijaangalia kipya nalinganisha vile viwili vya zamani. Kimoja kikitoa 0.356 na kingine 0.364, basi mkono wangu unatetemeka kwa 0.008, na tofauti yoyote iliyo ndani ya hapo siihesabu. Kwa njia hii ya plastiki, ukiwa makini na ukirudia mara kadhaa, unaweza kuona tofauti ya asilimia 3. Chini ya hapo ni kubahatisha. Vifaa vingi, magurudumu na vishikio vya chupa vikiwemo, vinachezea kwenye asilimia 1 au 2, kwa hiyo usipoteze asubuhi zako huko.

Anza na mwili, maana karibu robo tatu ya ukinzani wote ni wewe mwenyewe. Kwanza viwiko: shika juu ya breki mikono ikiwa imenyooka, halafu palepale viwiko vikunjwe mpaka mikono ya mbele ilale sawa na ardhi. Kisha kichwa, ukikiteremsha kati ya mabega huku macho yakiendelea kuona njia. Baadaye nguo: koti linalopepea dhidi ya jezi ya kubana, zipu wazi dhidi ya zipu iliyofungwa. Namba ya mashindano iliyofungwa kwa pini mbili inapiga kelele mgongoni kama bendera. Ijaribu na pini nne, au gundi.

Mwenzako akupige picha kutoka mbele kila mserereko, kutoka sehemu moja. CdA haitoki kwenye picha, lakini uongo wako unatoka. Kwenye mserereko wa kwanza kila mtu anainama vizuri. Kufika wa nane mabega yameshapanda bila mwenyewe kujua. Na ukishapata mkao wa chini, nenda ukaukanyagie dakika ishirini barabara ya Kipushi. Ukishindwa kupumua, pandisha kidogo upime tena. Usijisumbue kupima kukaa kwenye bomba la juu la fremu wala kulaza mikono ya mbele juu ya usukani wa kawaida: UCI, chama cha dunia cha mchezo wa baiskeli, ilivikataza vyote viwili kwenye mbio za barabarani kuanzia Aprili 2021.

Ukipata mita ya nguvu

Ukiweza kuazima kinga yenye mita ya nguvu, hata kwa siku moja, kuna njia ya Robert Chung. Unazunguka njia ileile mara tano au sita bila kugusa breki, kila mzunguko kwa mwendo tofauti, kisha unaweka faili kwenye GoldenCheetah, programu ya bure, sehemu inayoitwa Aerolab. Yenyewe inatumia wati na mwendo wako kuchora vilima ulivyopanda. Kila mzunguko unarudi ulipoanzia, kwa hiyo mchoro nao lazima urudi kwenye kimo kilekile. Unasogeza CdA mpaka urudi. Mzunguko uliopitwa na lori unauona waziwazi, mstari umeruka. Uzito wa hewa bado unauweka mwenyewe, na ule mtego wa 1018 unakusubiri huko pia.

Kipande cha chupa hakidumu. Baada ya miserereko arobaini hivi ncha inalegea, tak inakuwa nyepesi, na Audacity inaanza kukuchanganya na kelele za upepo. Kata kingine usiku uliotangulia, ukijaribu kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono, kwa sababu alfajiri ile vidole vina baridi na mkasi haukati.